Kiuno Kilicho Juu ya Mkanda

Ukimuuliza mwanaume wa Temeke kiuno chake ni ngapi, atakwambia thelathini na nne. Alikuwa thelathini na nne alipooa, ni thelathini na nne leo ana mjukuu, na wala hadanganyi. Nikipitisha futi pale anapofungia mkanda naikuta ile ile. Kilichotokea ni kwamba mkanda umeshuka. Kila mwaka unateremka kidogo, tumbo linabaki juu yake, na suruali inaendelea kumtosha. Shati ndilo linalomuumbua. Vifungo vya katikati huanza kuvuta, kitambaa kinaachia mwanya, singlendi inachungulia, na mwenyewe anakuja kwangu kulalamika kwamba shati limerudi baada ya kufuliwa.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, Tandika, hatua chache kutoka sokoni, na kazi zangu ni zile za mafundi wote wa huku: sare za shule mwezi wa kwanza, magauni ya sendofu na kicheni pati mwaka mzima, kanzu na mashati ya vitenge Idi ikikaribia. Vipimo naandika kwenye daftari, na daftari likijaa silitupi. Kwa hiyo mteja wa zamani namjua ukurasa kwa ukurasa: kifua, kiuno, hipsi, mkono. Sijui mshahara wake wala shida zake, lakini najua mwaka gani alianza kunenepa na alianzia wapi.

Nilichokuwa sikijui ni kile ninachokipima. Nakizungushia futi kila siku, kinakua, mara chache kinapungua, na kila mteja ana maelezo yake. Mmoja anasema ni gesi. Mwingine anasema ni uzazi. Wa tatu anasema ni kuridhika. Nikamgeukia binti wa mdogo wangu, anayefanya kazi maabara ya hospitali na huja kunisalimia Jumapili. "Mama mkubwa, hayo ni mafuta," akasema. "Ila usidhani yamelala. Yanaingia na kutoka usiku na mchana." Tangu siku hiyo sijamwacha apumzike. Ninayoandika hapa mengine amenieleza yeye, mengine nimeyasoma alivyonielekeza, na mengine nimeyaona kwa futi.

Nilikuwa nadhani labda ni wateja wangu tu. Kumbe hesabu ilishapigwa upande wa pili wa jiji. Mwaka 2011, Grace Shayo na Ferdinand Mugusi wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili walichapisha utafiti wao juu ya watu wazima 1,249 wa Kinondoni. Asilimia 19.2 walikuwa na unene uliopitiliza. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 24.7, karibu mmoja kati ya wanne. Kwa wanaume asilimia 9. Kipimo chenyewe ni kugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo; jibu likifika 30, umo. Mwanamke wa mita 1.60 anaingia akigonga kilo 77. Waliona pia kwamba unene unakwenda na umri, na kipato kizuri, na kutofanya kazi za nguvu, na kuishi na mwenzi. Hilo la mwisho fundi yeyote angewaambia bure. Bibi harusi akilileta gauni lake la sendofu baada ya mwaka, ili alivae kwenye shughuli ya rafiki yake, zipu hukwama katikati ya mgongo.

Tuanze na mafuta yanayoliwa yakiwa mafuta. Ng'ambo ya barabara kuna kijana wa chipsi. Karai lake halipoi kuanzia alasiri mpaka usiku mkubwa, na zege, yaani chipsi mayai, ndilo linalomweka mjini. Sahani ya zege ikishuka tumboni, mafuta yake hufika kwenye utumbo mwembamba yakiwa hayajaguswa sana. Shida yake ni ya mafuta popote: hayachanganyiki na maji, na vimeng'enya vya mwili vinafanyia kazi kwenye maji. Hapo ndipo nyongo inapoingia. Ini huitengeneza kutwa nzima, mfuko wa nyongo huitunza, na mafuta yakiwasili mfuko hujikamua. Nyongo inafanya kile sabuni inachofanya kwenye sufuria ya mchuzi wa nyama: inayavunja mafuta yawe matone madogo sana, yanayokubali kukaa ndani ya maji. Kisha kongosho linamwaga kimeng'enya chake ili yakatwe.

Yakatwe vipi? Mafuta tunayokula, yawe ya alizeti ya Singida, mawese ya Kigoma au ya mkia wa kondoo, karibu yote yana umbo moja. Kuna kipande kifupi kiitwacho gliseroli, na kimeshika minyororo mitatu ya asidi za mafuta. Wataalamu wanaiita trigliseridi. Ikiwa nzima haipenyi ukuta wa utumbo. Inakatwa, vipande vinapita, na upande wa pili wa ukuta vinaungwa tena kuwa trigliseridi kama mwanzo. Hapa nilimwomba binti anirudie. Kukata na kuunga upya kwa ajili ya kuvuka ukuta tu! Mimi ningedai hela mara mbili.

Mafuta hayo yaliyoungwa hufungwa kwenye vifurushi vyenye ganda la protini na kuingizwa kwenye mishipa ya limfu, siyo ya damu. Sukari ya chai na protini ya maharage lazima zipite kwanza kwenye ini. Mafuta ya zege hulikwepa. Hupanda kifuani na kumwagikia kwenye damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Binti wa maabara huyaona kwa macho. Mtu akitolewa damu saa chache baada ya mlo wenye mafuta mengi, na chupa ikazungushwa kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zikashuka chini, maji ya juu, ambayo kawaida ni ya manjano na yanapitisha mwanga, huwa meupe na mazito, hata kidole kilicho nyuma ya chupa hakionekani. Ndiyo maana anayekwenda kupimwa mafuta ya damu mara nyingi huambiwa aje hajala.

Weupe huo haukai. Kwenye kuta za mishipa myembamba kuna kimeng'enya kinachovichana vifurushi, na asidi za mafuta zikitoka zinaingia ama kwenye misuli zikachomwe, ama kwenye seli za mafuta zikahifadhiwe. Insulini ndiyo inayoelekeza. Ikiwa juu, kama inavyokuwa baada ya kula, mlango wa kuhifadhi uko wazi na wa kutolea umefungwa.

Sasa nina mteja mmoja, mama wa makamo, hagusi vya kukaanga. Anakula ugali, wali, mihogo ya kuchemsha, na soda ya baridi kila mchana maana joto la Dar analijua kila mtu. Siku moja nampima, akaniuliza, "Fundi, mimi mafuta sili. Haya yametoka wapi?" Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo.

Yametoka kwenye wanga, kwa njia mbili, na ile kubwa watu hawaidhanii. Wanga ukisagika huwa sukari. Sehemu yake inachomwa papo hapo. Sehemu inawekwa akiba iitwayo glaikojeni, gramu 100 hivi kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu moja inashika kama gramu tatu za maji. (Ndiyo maana mtu akianza kujinyima hupungua kwa kasi wiki ya kwanza akashangilia, mengi yaliyoondoka ni maji.) Akiba hiyo ni ndogo, inajaa mapema. Ikijaa, mwili unashughulika kuichoma sukari iliyopo na kuacha kuchoma mafuta. Basi yale mafuta machache ya mama yule, tui la kwenye wali, karanga za kwenye mchicha, maziwa ya chai, yanakosa wa kuyachoma na yanakwenda kuhifadhiwa.

Njia ya pili ni ini lenyewe kuunda mafuta mapya. Linaichukua sukari iliyozidi, linaivunja mpaka zibaki kaboni mbili mbili, halafu linaziunganisha mbili kwa mbili hadi upatikane mnyororo wa kaboni 16. Mnyororo huo ni asidi ya palmitiki, ile ile iliyo nyingi kwenye mawese. Yaani mtu anakunywa soda, ini linatoa mafuta ya aina anayoyakwepa kwa kijana wa chipsi. Soda inaisukuma njia hii kuliko ugali, kwa kuwa nusu ya sukari yake ni fruktosi, na mzigo mkubwa wa fruktosi hubebwa na ini. Mafuta yaliyoundwa husafirishwa kwenye damu. Yasipowahi kusafirishwa hubaki pale pale, na ndipo mtu ambaye hajaonja pombe maisha yake yote anapokutwa na ini lenye mafuta.

Kuna utafiti nimeupenda kuliko mwingine wowote, pengine kwa sababu mimi mwenyewe nilishuka jijini kutoka upande huo. Watafiti wakiongozwa na Nigel Unwin waliwapata watu 209 wa vijijini mkoani Morogoro waliokuwa wanahamia Dar es Salaam. Wakawapima kabla ya kuondoka, kisha wakawafuatilia mjini kwa miezi 12. Ripoti ilitoka 2010. Katika mwaka huo mmoja wa jiji, wanaume na wanawake waliongezeka kwa wastani zaidi ya kilo 2. Kazi nzito za mwili zilishuka sana; jembe lilibaki kijijini. Nyama nyekundu iliongezeka kwenye sahani, lakini matunda na mboga viliongezeka pia, jambo ambalo wanaoulaani mji hawalisemi.

Cha ajabu ni damu yao. Kwa wanaume, lehemu, yaani kolesteroli, ilipanda, ila trigliseridi zilishuka. Watu wamenenepa, na mafuta ya namna hiyo yamepungua damuni! Binti hakushangaa. Mlo wa kijijini ni wanga asubuhi, mchana na jioni, na mlo wa hivyo hulifanya ini lizalishe trigliseridi kwa wingi hata kwa mtu mwembamba. Walipofika mjini wakapata na vingine vya kula, wanga ukaacha kuwa kila kitu. Hayo ni maelezo yake, na kwa jinsi ninavyolijua ini sasa yananiingia akilini.

Seli inayohifadhi mafuta, ukiiona kwenye picha ya hadubini, imejazwa karibu yote na tone moja, na kiini chake kimebanwa pembeni. Mafuta yakiongezeka seli inavimba, yakitumika inanywea. Mwaka 2008, Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walionyesha kwamba idadi ya seli hizi hupangwa utotoni na ujanani, kisha kwa mtu mzima hubaki ile ile, hata akikonda sana. Namna walivyojua ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza hewani aina ya pekee ya kaboni. Ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na kwenye miili ya watu duniani kote, kisha kiwango chake kikawa kinashuka mwaka hadi mwaka. Kwa kukipima ndani ya seli waliweza kusema seli hiyo ilizaliwa lini. Kumbe kila mwaka asilimia 10 hivi ya seli za mafuta hufa, na nyingine huzaliwa kushika nafasi zake. Mteja wangu aliyepungua mpaka nikamshonea upya kabati zima ana seli kwa idadi ile ile, zimenywea tu.

Na kwa nini mwili ukachagua mafuta? Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga ina 4, tena mafuta hayashiki maji. Mtu wa kawaida anatembea na kilo 12 hivi za mafuta. Akiba hiyo ingewekwa kwa glaikojeni pamoja na maji yake, ingepita kilo 100. Nani angeinuka kitini?

Wapo wanaoiona akiba hiyo kuwa aibu, nami sikubaliani nao. Huku kwetu neno la kuumiza lilikuwa "umekonda." Miaka ile UKIMWI ulipokuwa unatuzikisha kila mara, mtu akipungua mwili majirani walishusha sauti. Na kabla ya hapo, Wazaramo, wenyewe wa ardhi hii, msichana akivunja ungo walimweka ndani, akafundwa na kulishwa kwa miezi, na siku ya kutolewa mwali alitazamiwa atoke amenawiri. Mwaka 1994, maabara ya Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilitangaza jeni ya homoni ambayo ikaitwa leptini. Seli za mafuta ndizo huitoa, ikaupe ubongo habari za akiba. Akiba ikipungua leptini hushuka, njaa hupanda na mwili hubana matumizi. Msichana aliyekonda kupita kiasi huchelewa kuvunja ungo, au hedhi yake husimama, kwa kuwa ubongo hauoni akiba ya kubebea mimba. Bibi zetu leptini hawakuijua, ila hesabu ya akiba na uzazi waliijua vizuri.

Sasa nirudi kwenye futi, kwani hapa ndipo mizani inaposhindwa. Mizani inasema mafuta ni kiasi gani. Futi inasema yamekaa wapi, na pa kukaa ndipo penye maneno.

Mafuta ya hipsi na mapaja yako chini ya ngozi. Ni mazito kutoka; mwili huyatunza, na mwanamke huyatumia zaidi anaponyonyesha. Wanawake wenye hipsi pana na kiuno chembamba, wale ambao gauni lao linanitesa kulikata, kwa wastani hawamo kwenye hatari kubwa ya kisukari na moyo ukiwalinganisha na wenye uzito ule ule uliokaa tumboni. Mafuta ya tumboni ni ya namna mbili. Yapo yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, nyama uzembe, hayo yako chini ya ngozi. Halafu yapo ya ndani, yaliyozunguka utumbo, nyuma ya ukuta wa misuli, ambayo huwezi kuyafinya. Kile kitambi kigumu ambacho mwenyewe hukipigapiga akijisifu kwamba ni misuli, ndicho hicho. Damu inayotoka huko hukusanywa na mshipa unaoingia moja kwa moja kwenye ini. Kwa hiyo kila asidi ya mafuta inayoachiwa na mafuta hayo ya ndani inaanza kwa kulifikia ini, na ini linalomwagiwa mafuta mchana na usiku huanza kuizoea insulini na kutoisikiliza. Kongosho linaongeza insulini, sukari inapanda pole pole, na mwenye kitambi anasema hana tatizo, suruali yake bado thelathini na nne.

Vipimo vya tahadhari ambavyo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limewapangia watu wa kusini mwa Sahara ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Kwa futi yangu ni inchi 37 na inchi 31 na nusu. Ila usipime kwenye mkanda. Tafuta mbavu ya mwisho chini, tafuta mfupa wa nyonga juu, weka futi katikati yake, toa pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo ndani, kisha soma. Nimewapimia wanaume kadhaa hapa barazani kwa namna hiyo, wakanyamaza. Mmoja aliniambia futi yangu ni ya Kichina.

Kwa wanawake daftari linaonyesha jambo jingine. Wapo niliowashonea kwenye harusi zao na sasa nawashonea kwenye harusi za binti zao. Hipsi karibu hazijabadilika, kiuno ndicho kimezifuata. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na mafuta mapya huanza kukaa tumboni kama ya wanaume. Wengine hudhani nimekosea kupima. Sijakosea. Yangu yamehama vile vile.

Lile neno la binti, kwamba mafuta hayalali, lina historia. Zamani wataalamu waliamini mafuta ya mwilini hukaa tu yakingoja siku ya njaa. Mwaka 1935, Rudolf Schoenheimer na David Rittenberg wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwalisha panya mafuta ya mbegu za kitani waliyoyatia alama kwa haidrojeni nzito. Walitarajia mlo mdogo kama ule uchomwe moja kwa moja. Badala yake wakayakuta mengi kwenye akiba ya panya. Mafuta ya jana yalikuwa yanatoka na ya leo yanaingia, na uzito wa panya haubadiliki. Kitambi cha leo siyo mafuta ya mwaka juzi.

Kwa wateja wangu Waislamu, na mimi nimo, Ramadhani inaonyesha jambo hilo waziwazi. Nguo za Idi napima Shabani au kumi la kwanza, na watu wanakuja kujaribu kumi la mwisho. Wengine kanzu imewapwaya. Wengine natakiwa kuachia mshono, kwa watu waliofunga siku zote na kumcha Mungu. Dar es Salaam tuko karibu na Ikweta, hivyo saumu yetu ni ya saa 13 na ushei miaka yote. Daku ikishasagika, insulini inashuka na ini linaanza kuachia glaikojeni yake. Kadiri mchana unavyosonga ndivyo seli za mafuta zinavyopata ruhusa: glukagoni na adrenalini zimepanda, vimeng'enya ndani ya seli vinazikata trigliseridi, na asidi za mafuta zinatoka zikiwa zimebebwa na protini ya damu iitwayo albumini. Moyo na misuli vinazipenda. Ubongo hauwezi kuzitumia zikiwa hivyo, kwa hiyo ini huzigeuza baadhi kuwa ketoni, ambazo ubongo unazikubali, na saumu ikirefuka zaidi ketoni huongezeka.

Kufikia alasiri, basi, aliyefunga anaishi kwa sehemu kubwa juu ya mafuta yake. Halafu inaadhiniwa Magharibi. Tende, uji, kaimati zilizochovywa kwenye shira, bagia, magimbi ya nazi, tambi za sukari, kisha chakula cha usiku, kisha daku. Insulini inapanda, mlango wa kutolea unafungwa, na yaliyotolewa mchana yanarudishwa na nyongeza. Mwenye kisukari anayetumia dawa aongee na daktari wake kabla ya kufunga, maana kwake hesabu hii ina hatari nyingine.

Asidi za mafuta zikiingia kwenye misuli hupelekwa ndani ya mitokondria, vijisehemu vidogo vya seli vinavyozalisha nguvu, na huko mnyororo unakatwa kaboni mbili mbili. Zile mbili mbili ambazo ini lilizishona, msuli unazifumua. Lakini unazifumua kwa kadiri ya kazi iliyopo, na hapa nawaudhi rafiki zangu wa jogingi. Temeke ni wilaya ya jogingi. Jumapili alfajiri unawasikia kabla hujawaona, filimbi na nyimbo, fulana za rangi moja, nyingine nimezishona mimi. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anatumia kilokalori 350 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kama 7,700. Piga hesabu, halafu kumbuka supu na chapati mbili zinazongoja mwisho wa mbio.

Tena kuna Wahadzabe. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu inayotumiwa kwa siku na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa wakiwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Ukizingatia ukubwa wa miili, walikuwa hawatumii nguvu nyingi kuliko Wamarekani na Wazungu wanaokaa vitini. Inaonekana mwili ukizoea kutembea sana hubana matumizi kwingine. Kwa hiyo wembamba wa Mhadzabe huwezi kuueleza kwa miguu yake peke yake. Angalia na sahani. Hata hivyo wanajogingi wasivue raba. Mazoezi hupunguza yale mafuta ya ndani ya tumbo na kuifanya misuli iisikilize insulini, hata mizani isiposogea. Mimi nayaona kwenye futi kabla wao hawajayaona kwenye mizani.

Mwisho wa mafuta yenyewe ni wapi? Nimewauliza wengi. Jasho, wanasema, na wapo wanaojifunga nailoni tumboni chini ya fulana ili lichuruzike zaidi. Wengine wanasema chooni, ndiyo maana zile chai za kupunguza tumbo, ambazo kazi yake ni kumharisha mtu, hazikosi wanunuzi. Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliwauliza swali hilo madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi, na wengi walijibu kwamba mafuta hugeuka kuwa nguvu na joto. Kwenye makala yao ya mwaka 2014 walifuata kila chembe. Kilo 10 za mafuta zikichomwa zote, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kilo 1.6 huwa maji, yanayotoka kwa mkojo, jasho na mvuke wa pumzi.

Nilipoisoma habari hiyo kwa sauti barazani, mama wa soda aliacha chupa. "Yaani kitambi kinatokea puani?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi nitakaa hapa hapa nihemeheme."

"Utapata kizunguzungu tu, mama," binti akamwambia. "Ukihema bila kazi unatoa hewa iliyokuwa tayari imo damuni. Hiyo nyingine mpaka misuli iitengeneze."

Mama akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama gauni lake la Jumamosi liko tayari, na kama nimekumbuka kuacha nafasi kwenye mshono. Nilikuwa nimeacha inchi moja kila upande.